Kilomita Iliyopotea

Kadi ya baiskeli yake ilikuwa na mistari kumi na miwili. Mistari kumi na mmoja ilikuwa na alama ya vema. Mstari wa tisa ulikuwa mtupu.

Niliisoma nimesimama. Nikavuta kreti, nikakaa, nikaisoma tena, kana kwamba nikikaa nitaona kitu kingine.

Kila baiskeli inayoingia karakanani kwangu hufunguliwa kadi. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kitabu kilichokosa jalada na kwa baiskeli mbovu ambazo watu walizitelekeza nyuma ya nyumba zao. Mtu aliyejifunza hivyo hana mwalimu wa kumkumbusha, kwa hiyo nilijitengenezea mwalimu wa karatasi. Breki. Mnyororo. Spoku, moja baada ya nyingine. Hizo spoku ndizo zilizonipa jina. Bonde zima huniita Spoku, hata shangazi yangu. Mstari wa tisa unasema: viringisha gurudumu.

Maana yake ni hii. Spidomita ya baiskeli haioni barabara. Inajua tu kwamba gurudumu limezunguka mara ngapi, kisha inazidisha kwa urefu wa mzunguko mmoja. Urefu huo ni lazima mtu auingize kwa mkono. Ukibadilisha tairi jembamba ukaweka nene, mzunguko unarefuka, na usipoiambia spidomita, itaendelea kukudanganya kwa upole, kidogo kidogo, siku nzima. Ndiyo maana sakafuni kwangu kuna mstari wa chaki. Unaweka alama kwenye tairi, unaliviringisha mzunguko mmoja, unapima, unaingiza namba. Ni kazi ya dakika mbili.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imening'inia mbele yangu, imeoshwa, imetiwa mafuta. Mifuko yake ilikwishafungwa, imesimama mlangoni. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Saa nne mwenyewe angeipanda ateremke nayo kilomita sitini hadi stesheni ya treni, na mimi nisingekuwa na sababu ya kumwona tena.

Nililishusha gurudumu la mbele kwenye mstari wa chaki. Nikaliviringisha, nikapima.

Sentimita mia mbili na ishirini.

Nikabonyeza spidomita mpaka ikanionyesha namba iliyoihifadhi. Mia mbili na kumi na tatu. Ile ya tairi la zamani.

Sentimita saba. Ni urefu wa kidole changu cha kati. Lakini kwa kilomita thelathini na moja, sentimita saba zilizorudiwa kila mzunguko zinakuwa kilomita nzima. Na kilomita hiyo nzima ndiyo iliyomfukuza.

*

Mwenye baiskeli hiyo alifika bondeni wiki tatu kabla, akiwa na kazi ambayo hatukuwahi kuisikia. Alikuwa anapima njia za baiskeli kwa ajili ya kitabu cha wasafiri: wapi pana mwinuko, wapi pana maji, kutoka daraja hadi kinu ni umbali gani. Kila kitu alikiandika kwenye daftari la jalada la bluu ambalo halikumtoka mkononi, na kabla ya siku mbili kupita watu walikwisha kumbatiza: Daftari. Aliitikia bila kinyongo.

Siku ya pili tairi zake nyembamba zilichanwa na changarawe za njia ya msituni. Akaja akiisukuma baiskeli, jasho limemloa, akasema, "Naambiwa hapa kuna fundi asiyebahatisha."

"Waliokuambia hivyo wana deni gani kwangu?"

Akacheka. Akaketi kwenye kreti hili hili. Nilikuwa nimekwisha kuvalisha tairi mpya, nene, na nimeshika chaki tayari kwa mstari wa tisa, aliponiuliza, "Nani alikufundisha?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huniuliza itakuwa tayari lini. Nikamwambia habari za kitabu kisicho na jalada. Akauliza kurasa zipi zilikuwa zimepotea. Nikamwambia. Akauliza hizo nilizijuaje basi. Nikamwambia na hilo, na mengine ambayo sikujua kama ninayo, na jua likahama kutoka benchi hadi ukutani, na nilipoangalia mkono wangu haukuwa na chaki. Nilidhani nimemaliza.

Tangu siku ile alipima njia zote saba za bonde letu. Kila jioni njia, vyovyote iendavyo, iliishia mlangoni kwangu.

Jana ndipo alipokwenda kuzungumza na baba.

Baba yangu alikuwa mnyapara wa barabara. Barabara kuu inayopanda kutoka kijijini hadi kwenye pengo la mlima, yeye na watu wake ndio waliopima na kuchimbia mawe ya kilomita, kutoka sifuri mpaka thelathini na moja. Amestaafu siku nyingi, lakini kila kiangazi hubeba ndoo ya chokaa na brashi akayapaka upya, moja kwa siku. Wanamwita Mzee Mawe, na analipenda jina hilo kuliko la kwake.

Daftari alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alisema alichokuja kusema kwa adabu, bila kuzungukazunguka: kwamba ananipenda, kwamba anaomba ruhusa ya kurudi akiwa na watu wake. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Lete hilo daftari nione kazi yako."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nilimwona baba akipitisha kidole kwenye ukurasa wa barabara kuu, polepole, jiwe baada ya jiwe. Kidole kikasimama.

"Hapa juu umeandika thelathini."

"Ndiyo, mzee. Thelathini kamili."

"Jiwe langu linasema thelathini na moja."

"Nililiona, mzee." Daftari alisita. Ni mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumsaidia. "Tofauti inakua sawasawa kutoka chini hadi juu. Nilifikiri labda mnyororo wa kupimia ulikuwa umepungua pingili mbili tatu. Hutokea mahali pengi."

Nililiweka sinia chini.

"Mnyororo wangu," baba akasema, sauti iko chini kabisa, "ulikuwa na pingili mia moja. Nilizihesabu kila asubuhi kabla sijanywa chai. Miaka miwili." Akalifunga daftari, akalirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha sahani ya watu. "Kijana, mtu aliyenipotezea kilomita nzima ya mlima, halafu akasema ni mimi niliyeipoteza, mwanangu nimkabidhi vipi? Kunywa chai. Kesho nenda salama."

*

"Mbona umekaa kama mtu aliyeuza mbuzi akasahau kamba?"

Shangazi aliingia na kikombe cha uji mkononi. Yeye ni dada wa baba, ndiye mwenye nyumba ya wageni iliyopakana na karakana, na kila aliyelala kwake anajua kwamba kuta zake hazimzuii kusikia lolote.

Nikampa kadi. Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Sioni kitu."

"Ndicho hicho, shangazi. Hakuna kitu. Mstari wa tisa."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe juu ya benchi, akafunga mlango nusu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tubaki hivyo hivyo sisi wawili." Alishusha sauti. "Nisikilize, mwanangu. Ukilisema hili, watu watasema nini? Watasema Spoku alimfungia mgeni namba ya uongo ili asiondoke. Watasema ni mtego. Na baba yako? Mwanaume huyo anapita kila duka akisema binti yake hajawahi kuruka mstari. Ameuza shamba la chini akujengee karakana hii. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia niliruka mstari."

"Na kama ukinyamaza?"

Hilo nilikwisha kulifikiria. Nikinyamaza, kitabu kitachapishwa. Atakuja mtu kwa baiskeli, amebeba maji ya kilomita thelathini, na ile ya thelathini na moja itamkuta kwenye jua bila tone. Na baba ataendelea kuamini kwamba Daftari ni mtu wa kubahatisha. Na Daftari ataendelea kuamini kwamba baba alihesabu vibaya. Wote wawili watakuwa na kinyongo na mtu asiye na kosa, na mwenye kosa atakuwa amekaa hapa anatia mafuta minyororo.

"Siwezi, shangazi."

Alitikisa kichwa. Kisha akachukua kikombe chake.

"Nilijua. Nilitaka tu iandikwe kwamba nilikushauri vibaya." Alipofika mlangoni akageuka. "Kaka yangu yuko darajani, anapaka jiwe la tano. Na huyo mwingine amemaliza kunywa chai, yuko nje anazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikuitie?"

*

Daftari aliingia akitazama mifuko yake, si mimi. Siku zote nilipenda namna anavyoingia mahali: taratibu, kama anaomba ruhusa kwa vitu.

"Iko tayari?" akauliza.

"Iko tayari. Lakini mimi siko."

Akainua macho. Nikamgeuzia kadi, nikaweka kidole kwenye mstari wa tisa. Sikuwa na haja ya kumweleza. Alitazama kadi, akatazama mstari wa chaki sakafuni, akapiga magoti mbele ya spidomita akaibonyeza mwenyewe. Akabaki pale chini, mkono juu ya tairi.

"Mia mbili na kumi na tatu," akasema.

"Ilitakiwa mia mbili na ishirini. Ni kosa langu. Siku ile ya tairi. Nilisahau."

"Njia zote saba."

"Zote saba."

Nilisubiri akasirike. Nilitaka akasirike, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini alipoinua uso niliona macho yake yamejaa kitu kingine, kama aibu.

"Na mimi nikamwambia baba yako mnyororo wake ulipungua pingili," akasema. "Nilimwambia mzee yule, mbele ya mwanawe, ndani ya nyumba yake." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilipaswa kulipima gurudumu mimi mwenyewe. Ni chombo changu. Nilikuamini nikaacha kukagua."

"Kuniamini kumekuponza."

"Hapana. Sikusema hivyo." Akasimama. "Tufanye hivi. Nitamwambia mzee kwamba namba niliingiza mimi. Nilikosea kubonyeza. Jina lako lisitajwe."

"Usinibebee."

"Spoku, hii ndiyo kazi yako. Jina lako ndilo linalokulisha. Mimi ninaondoka, nikionekana mzembe nitakuwa mzembe mbali."

"Na mimi nitakaa naye mezani kila siku, nile chumvi yake huku nimemficha? Hapana. Wewe ukinipenda usinipende kwa kunifichia. Nipende nikiwa nimekosa."

Maneno yalitoka kabla sijayapima. Tukatazamana. Mwale wa jua ulikuwa umeingia kwa ufa wa mlango, ukatulia begani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu jana alitabasamu, kidogo tu, kwa upande mmoja.

"Hilo," akasema, "tayari nalifanya."

Niliinama haraka nikajifanya natafuta spana.

Niliingiza namba sahihi mbele yake. Mia mbili na ishirini. Kisha nikavuta baiskeli yangu, ile kongwe ya kubebea vipuri.

"Baba yuko jiwe la tano," nikasema. "Juu. Stesheni iko chini. Ukipanda na mimi sasa, hutaiwahi treni ya leo."

Alibeba mifuko yake kutoka mlangoni, mmoja baada ya mwingine, akaiweka chini ya benchi langu.

*

Kwenye jiwe la sifuri, mbele ya nyumba ya wageni, alirudisha spidomita kwenye sifuri. Shangazi alikuwa anafagia kizingiti ambacho alikwisha kukifagia.

Wiki tatu nilikuwa nimemwona akiondoka na akirudi. Kupanda pamoja naye sikuwahi. Barabara inaanza kwa upole, inafuata mto, mashamba ya mahindi kulia na mlima umekaa kushoto kama mtu anayesikiliza. Alipunguza mwendo anisubiri, nami kwa ukaidi nikamwonyesha kwamba baiskeli ya vipuri si ya kusubiriwa. Kwenye kona ya kinu nikampita.

"Spoku!" akaita nyuma. "Hapo ninapaandika mwinuko wa wastani!"

"Andika unachoona! Mimi nahema tu!"

Alinifikia. Tukaenda sambamba, hatusemi, pedali zikienda kwa mpigo mmoja bila kupangwa. Niliwaza: kama baba akisema hapana leo, angalau nina kilomita tano. Nilizihesabu. Jiwe la moja. La mbili. Nilitaka mawe yawe mbalimbali zaidi.

Baba tulimwona kabla hajatuona. Alikuwa amepiga magoti kando ya daraja, ndoo ya chokaa pembeni, brashi mkononi, kofia imerudi kisogoni. Jiwe la tano lilikuwa jeupe nusu.

"Shikamoo, mzee," Daftari akasema, akishuka.

"Marahaba." Baba hakugeuka. "Stesheni ni upande ule mwingine. Au nayo imekaa vibaya kwenye daftari lako?"

"Baba," nikasema. "Nimekuja mimi. Nina neno."

Kwa sauti yangu akageuka. Nikampa kadi. Baba alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kuipokea; kadi zangu huwa anazishika kama vyeti. Akaisoma. Anajua mistari yote kumi na miwili kwa moyo.

"Wa tisa," akasema.

"Ndiyo, baba. Nilibadilisha tairi sikuviringisha gurudumu. Spidomita yake ilikuwa inapunja sentimita saba kila mzunguko. Kilomita yako haikupotea kwake, wala kwako. Ilipotea mkononi mwangu."

Mto ulikuwa ukipita chini yetu. Baba alirudisha macho kwenye kadi.

"Miaka saba hujaruka mstari."

"Ndiyo, baba."

"Kwa nini siku hiyo?"

Hili ndilo nililoliogopa njia nzima. Daftari alifungua mdomo, nikamtazama akaufunga.

"Alikuwa ameketi pale kwenye kreti," nikasema. "Alikuwa ananiuliza maswali. Nilipenda kuyajibu."

Nilihisi masikio yanawaka. Baba alikunja kadi, akaikunjua, akaipulizia vumbi ambalo halikuwapo. Nikaona huzuni usoni mwake, nayo ilikuwa ya haki, sikuweza kumwomba aiondoe. Halafu akanyoosha mkono kwa Daftari.

"Lete."

Daftari akamkabidhi lile daftari la bluu. Baba hakwenda kwenye ukurasa wa mwisho kama jana. Alianza mwanzo, jiwe la sifuri, akapanda nalo. Alisoma kila mstari, midomo ikicheza. La sita, la kumi, la kumi na tano. Kisha midomo ikasimama.

"Hapa," akasema. "Jiwe la kumi na saba. Soma ulichoandika."

Daftari alisita. "Mzee, hiyo ni..."

"Soma."

"Jiwe la kumi na saba," akasoma, kwa sauti ndogo. "Liko imara. Chini ya chokaa, namba nane iliyozibwa kwa saruji, ikachongwa saba juu yake."

Sikuelewa. Nimepita jiwe hilo maisha yangu yote.

"Uliliona," baba akasema.

"Niliona, mzee."

"Jana nilikutukana kwa ajili ya jiwe. Ungeweza kulitaja hili. Ungeniambia, wewe mzee unayejisifu kwa mawe yako, mbona la kumi na saba ulilichonga kumi na nane? Mbona hukusema?"

"Umbali wake ulikuwa sawa na mengine, mzee. Lilikuwa kosa la namba, na lilikwisha kurekebishwa. Sikuona la kusema."

Baba alifunga daftari. Alilishika kifuani kwa muda, akitazama barabara inavyopanda na kupotea kwenye kona.

"Kuna kitu sijawahi kukuambia," akaniambia mimi. "Siku nilipochonga jiwe lile, mama yako alikuwa ameketi pale kando ya barabara. Hatukuwa tumeoana bado. Alileta chakula cha wachimbaji, halafu akakaa." Alikohoa. "Alikuwa ananiuliza maswali."

Tangu mama afariki, baba humtaja mara chache, na kila mara humtaja kama anavyoshika vitu vinavyovunjika. Nilikwenda nikachuchumaa kando yake. Hakunikumbatia, si mtu wa hivyo. Alinipa brashi nimshikie.

"Nisamehe, mzee," Daftari akasema. "Pingili zako zilikuwa mia."

"Mia moja kamili."

"Mia moja kamili."

Baba akainuka, magoti yakalia. Alikwenda hadi kwenye baiskeli, akainama juu ya spidomita. "Ulianzia sifuri?"

"Mbele ya nyumba ya wageni. Jiwe lenyewe."

Baba aliisoma bila kugusa. Kilomita tano, sifuri, sifuri. Alitazama jiwe lake, nusu jeupe, namba tano ikisubiri rangi. Hakucheka, lakini kofia aliirudisha mbele mahali pake.

"Sasa hizo njia saba," akasema. "Utafanyaje?"

"Kosa ni moja kote, mzee. Nikizidisha kila namba, hesabu inaisha leo, nikiwa nimekaa."

"Basi treni ya kesho utaiwahi."

"Nitaiwahi." Daftari alishusha pumzi. Nilimwona akitafuta maneno, yeye anayeandika kila kitu kabla ya kukisema. "Lakini naomba nisizidishe. Naomba ruhusa nizipite upya, zote saba."

"Kwa nini, kama hesabu inatosha?"

"Kwa sababu mara ya kwanza nilizipita peke yangu."

Ndege fulani alipiga kelele chini ya daraja, akaacha. Baba alinitazama mimi, kisha baiskeli yangu ya vipuri, kwa jicho la mnyapara.

"Hii yako ina spidomita?"

"Haina, baba."

"Ifungie." Alichukua brashi mkononi mwangu. "Na safari hii viringisha gurudumu. Mkifika jiwe la thelathini na moja, zote mbili zisome sawa na mimi. Zisiposoma sawa, sitaki kusikia habari za watu wake kuja hapa."

"Na zikisoma sawa, mzee?" Daftari akauliza.

"Zikisoma sawa, waambie waje na nguo za baridi. Huku hakufai kwa mashati ya pasi."

Nilicheka, na kicheko kikataka kugeuka kilio, nikakizuia. Baba alikuwa amekwisha kuchovya brashi. Aliinama akaweka nukta moja ya chokaa kwenye tairi langu la mbele, sawa na tundu la kujazia upepo, na nyingine kwenye tairi la Daftari. Akatoa futi yake ya kuvuta kwenye mfuko wa koti.

"Viringisha," akasema. "Nione kwa macho yangu."

Tukaviringisha, wote wawili, polepole, juu ya lami ya daraja. Kila gurudumu lilipiga nukta nyeupe lilipoanza na nyingine lilipomaliza. Baba alishika upande mmoja wa futi, Daftari akashika upande wa pili, wakapiga magoti wakitazamana, hakuna aliyeharakisha.

"Mia mbili na ishirini," baba akasema.

"Mia mbili na ishirini," Daftari akaitikia.

Nilitoa penseli nyuma ya sikio. Nikaweka kadi juu ya jiwe la tano, upande ulio mkavu, nikautia alama mstari wa tisa.

Tuliporudi kijijini tukiteremka pamoja, chokaa ilikuwa haijakauka. Nilitazama nyuma mara moja. Kutoka darajani, nukta za magurudumu yetu zilitufuata zikiwa safu mbili, kando kwa kando, mpaka kwenye kona ya kinu, ambako zilififia.